Maziwa ya Manjano: Tuyapike Vizuri, Tusiyageuze Hospitali

Haya ni mazungumzo ya afisa wa lishe kwa wakaazi wa Kangemi na mitaa jirani. Tumeyachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Asanteni kwa kufunga biashara mapema mkaja. Najua kwa mwenye kibanda saa za jioni ndizo saa za pesa, kwa hiyo sitawaweka sana.

Tumo katikati ya msimu wa baridi. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huku upande wa magharibi, ukitoka Westlands ukipanda kuelekea Kangemi, Mountain View na Uthiru, ardhi inazidi kuinuka na baridi inazidi kuuma. Kuanzia Juni hadi Agosti watoto wanapiga chafya, watu wazima wanakohoa ndani ya matatu zilizofungwa madirisha, na karibu kila simu imeingia ujumbe unaosema: kunywa maziwa ya manjano, yanasafisha mapafu, yanaondoa kisukari, yanazuia saratani. Wengine wanauziwa unga huo katikati ya jiji, umetiwa kwenye kichupa kidogo, kwa bei ya dawa.

Kinywaji chenyewe nakipenda, na nyumbani kwangu hupikwa. Leo nitawaeleza namna ya kukipika kikawa kitamu na salama, kwa vitu vinavyopatikana hapa sokoni. Lakini pia nitawaonyesha mahali kinapoishia. Kuna watu wanaofika kwenye vituo vya afya wakiwa wamechelewa kwa wiki nyingi, na ukiwauliza walikuwa wakitumia nini muda huo wote, jibu ni manjano na tangawizi.

Tukipe kwanza heshima yake. Hakikuanzia kwenye simu. Familia za Kihindi zimekipika kwa vizazi vingi, na kwa Kihindi kinaitwa haldi doodh: haldi ni manjano, doodh ni maziwa. Bibi ndiye humpa mjukuu mwenye mafua usiku kabla ya kulala. Wahindi waliokuja kujenga reli kati ya 1896 na 1901, na wafanyabiashara waliowafuata, walikuja na vyakula vyao, na ndiyo sababu leo ukienda Ngara au Parklands utapata manjano ya kila aina. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Jikoni tulikuwa tumewatambua zamani, maana hakuna nyumba hapa isiyojua chapati. Watu wa Pwani nao walikuwa na kiungo hiki kabla ya reli, kutokana na biashara ya majahazi. Hata tunaposema rangi ya manjano, tunataja jina la kiungo chenyewe.

Jambo dogo kuhusu majina, kwa sababu linawapotezea watu pesa. Dukani ukisema bizari, mwenye duka mmoja atakupa manjano, mwingine atakupa bizari nyembamba ambayo ni kitu kingine kabisa, na wa tatu atakupa unga wa mchuzi. Unga wa mchuzi ni mchanganyiko: una manjano kidogo, una dhania, na mara nyingi una chumvi. Ukiutia kwenye maziwa utayamwaga. Soma pakiti, uone kuwa kilichoandikwa ni manjano peke yake.

Sasa tuje kwenye maziwa. Naanza na maziwa kabla ya manjano kwa sababu faida kubwa ya kikombe hiki iko hapo, ingawa sifa zote wanapewa manjano. Kikombe kimoja cha maziwa, mililita 250, kina karibu gramu 8 za protini na karibu miligramu 300 za kalsiamu. Hiyo ni mifupa ya mtoto, ni misuli ya mzee ambaye siku hizi anakula kidogo. Kijiko cha manjano hakina uwezo huo. Kwa hiyo anayekunywa maji ya moto yenye manjano akidhani amekunywa kitu kile kile, ameacha nusu nzuri dukani.

Huku kwetu maziwa yanatufikia kwa njia tatu. Kuna ya pakiti, kuna ya mashine ile tunayoiita ATM, na kuna ya kupimiwa kwa kikombe kutoka kwa mfugaji au mchuuzi anayeleta kwa pikipiki alfajiri. Ya pakiti kutoka kiwandani yamekwisha kupashwa moto kwa kipimo, kwa kawaida nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha yakapozwa. Ya mchuuzi huenda hayajaguswa na moto wowote. Hata ukimjua ng'ombe kwa jina, huwezi kujua kwa macho kama ana brusela. Ugonjwa huo hupitia kwenye maziwa mabichi, humpa mtu homa inayokuja na kuondoka, viungo kuuma na jasho la usiku, na wengi hutibiwa malaria kwa miezi kabla ya kupimwa brusela. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupitia njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo maziwa ya kupimiwa yachemshwe, na kuchemsha maana yake si kuyapasha mpaka kidole kihisi moto. Yaache yapande, punguza moto, yaendelee kuchemka taratibu kwa dakika chache ukikoroga. Nasikia wengine wakisema maziwa yakichemka yanakufa. Yanapoteza vitamini kidogo, ni kweli. Protini na kalsiamu zinabaki, na brusela inakufa. Mimi ningechagua hivyo kila siku.

Lakini moto hauondoi kila kitu. Ng'ombe akila chakula chenye ukungu, sumukuvu huingia kwenye maziwa na haitoki kwa kuchemsha. Ng'ombe akidungwa dawa na akakamuliwa kabla ya muda uliowekwa kupita, dawa hubaki. Na kama mtu ametia kemikali ili maziwa yasiharibike njiani, jiko lako haliwezi kuyatengeneza tena. Ndiyo sababu tunasisitiza ununue kwa mtu mwenye leseni. Bodi ya Maziwa Kenya ipo tangu 1958 na kazi yake mojawapo ni hiyo. Muulize mwenye mashine ya ATM akuonyeshe kibali chake. Kinatakiwa kuwa ukutani, na kuuliza si ugomvi.

Tumemaliza maziwa. Manjano nayo unaweza kuyapata yakiwa mabichi, yakiwa makavu au yakiwa unga. Mabichi yanafanana na tangawizi nyembamba, ukikwaruza ganda ndani ni rangi ya karoti iliyokolea. Ukiyakosa soko la Kangemi au Kawangware, jaribu wauza mboga wa City Market pale Muindi Mbingu, au Ngara. Makavu ni vidole vigumu vya kusaga. Unga ndio wengi wetu tunanunua, mara nyingi kwenye kipakiti kidogo cha bei ya chini, kwa sababu hatuna haja ya nusu kilo.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2019 watafiti walichapisha habari za manjano ya Bangladesh. Waligundua kwamba baadhi ya wasindikaji walikuwa wakipaka mizizi rangi ya viwandani yenye madini ya risasi, ili ionekane ya njano kali na iuzike haraka. Madini ya risasi ni sumu ya ubongo, hasa wa mtoto mdogo na wa mtoto aliye tumboni. Hayana kiwango kinachosemekana ni salama, na madhara yake kwa akili ya mtoto hayarudishwi na dawa. Serikali ya huko ilichukua hatua: ikafanya misako sokoni, ikatoza faini, ikatangazia watu. Kabla ya msako, manjano 47 katika kila 100 yaliyopimwa sokoni yalikuwa na risasi. Kufikia 2021 hayakupatikana tena.

Sisemi kwamba manjano ya Nairobi yako hivyo. Ninachosema ni kwamba kiungo kinachouzwa kwa rangi yake kinamshawishi mtu mbaya kuongeza rangi, na hakuna jaribio la glasi ya maji nyumbani litakalokuambia kwa uhakika kama kuna risasi au hakuna. Yale majaribio mnayotumiana kwa simu hayatoshi. Kinachosaidia ni kununua kwa busara. Mabichi ndiyo yenye hatari ndogo zaidi, kwa maana unaona ganda lake la asili, unaliosha na kulikwaruza. Ukinunua unga, chukua pakiti iliyofungwa, yenye alama ya KEBS, jina la aliyeifunga na tarehe. Unga uliomwagwa kwenye gunia wazi kando ya barabara, unaong'aa kuliko wenzake wote, uache hapo. Manjano mazuri hayang'ai kama rangi ya kupaka ukuta. Yana rangi ya njano iliyotulia, na yana harufu. Yasiyo na harufu ni ya zamani au yamechanganywa. Ukishuku duka fulani, mwambie afisa wa afya ya umma wa wadi yako. Ana mamlaka ya kuchukua sampuli na kuipeleka maabara. Wewe na mimi hatuna.

Haya, sasa tupike. Nitapima kwa pakiti moja ya maziwa ya nusu lita, ambayo inatosha vikombe viwili na cha mtoto.

Chukua nusu kikombe cha maji, weka kwenye sufuria. Tia kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kiungo cha juu cha kidole gumba, kilichopondwa. Tia nusu kijiko cha chai cha manjano ya unga. Kama ni mabichi, kwaruza kipande cha urefu wa kama sentimita tatu. Tia kijiti kifupi cha mdalasini na iliki mbili ulizozipasua. Mwisho, pilipili manga ya kusaga kiasi cha kuchota kwa ncha za vidole viwili. Funika, chemsha kwa moto mdogo dakika tano hadi saba. Maji yatakuwa mazito kidogo na nyumba itaanza kunukia.

Kuna sababu ya kuanza na maji. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, na ukiitia moja kwa moja kwenye maziwa ya uvuguvugu, yanaganda vipande vipande. Watu wengi wamemlaumu muuza maziwa kwa kosa la tangawizi. Ukiichemsha kwanza kwenye maji, nguvu hiyo inakufa na maziwa yanabaki laini. Wapika chai wa vibandani wanajua jambo hili bila kufundishwa na mtu.

Baada ya hapo mimina maziwa, koroga, yaache yapande mara moja. Usiondoke jikoni, maana maziwa hungoja ugeuze mgongo ndipo yamwagike. Punguza moto, endelea dakika tatu hadi tano ukikoroga, kwa sababu manjano hupenda kutulia chini. Chuja kwa chujio la chai. Onja kabla ya kutia sukari. Mdalasini na iliki zina utamu wake, na wengi wakionja hugundua kijiko kimoja kinatosha, wengine hawahitaji. Ukitumia asali, subiri kikombe kipoe kidogo ili usipoteze harufu yake. Na mwenye kisukari akumbuke kuwa asali pia ni sukari.

Pilipili manga mtu anaweza kuiona mzaha kwenye maziwa, lakini ina kazi. Kitu kinachotafutwa ndani ya manjano kinaitwa kurkumini. Mwili wetu hukifyonza kwa shida sana. Kingi hupita tu. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini, kisha wakawapa tena pamoja na miligramu 20 za kiini cha pilipili manga, na kiwango kwenye damu kikapanda takriban mara 20. Kurkumini pia huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kwa hiyo yule bibi wa Kihindi aliyetumia maziwa yenye mafuta yake na kutupia pilipili manga alikuwa na hekima, hata kama hakuwa na maabara.

Lakini tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hapa ndipo ujumbe wa simu unapotudanganya. Nusu kijiko cha chai cha manjano ni kama gramu moja na nusu. Katika manjano, kurkumini ni karibu asilimia 3. Gawanya hiyo kwa vikombe viwili na cha mtoto: kila mtu mzima amepata miligramu 20 hivi. Wale watu wa Bangalore walipewa miligramu 2,000. Huwezi kuchukua matokeo ya utafiti wa kiasi kikubwa namna hiyo ukayabandika kwenye kikombe chako. Na hata kwa viwango vikubwa habari haijakaa sawa: mwaka 2017 wanakemia walipitia tafiti nyingi za kurkumini na kueleza kwamba matumaini yaliyotangazwa hayajathibitishwa kwa watu wagonjwa kwa namna inayoridhisha.

Je, basi kikombe hakina maana? Kina maana. Ni maziwa yaliyochemshwa, yana joto, yanatuliza koo linalowasha, tangawizi humsaidia anayehisi kichefuchefu, na mtoto aliyekataa maziwa meupe huenda akayanywa haya. Yanachukua nafasi ya soda ya jioni. Kwangu mimi hiyo ni faida ya kutosha, na sioni sababu ya kuiongezea uongo.

Mtu akisikia hesabu ile anaweza kusema, basi nitatia vijiko vitano, au nitanunua vidonge. Tafadhali usifanye hivyo. Manjano kwa kiasi cha chakula ni salama kwa watu wengi. Vidonge vyenye kurkumini nyingi, hasa vilivyochanganywa na kiini cha pilipili, vimehusishwa na kuumia kwa ini. Italia ilipata wagonjwa wa namna hiyo 2019 na ikalazimika kutoa tahadhari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, mwenye mawe kwenye nyongo au figo, na anayengojea upasuaji, amuulize daktari au mfamasia kabla ya kuyafanya kuwa mazoea ya kila siku. Mwenye dawa za presha, za kisukari, za kifafa au ARV asipunguze hata kidonge kimoja kwa sababu ya manjano. Pilipili manga kwa wingi hubadilisha namna mwili unavyotumia baadhi ya dawa, kwa hiyo mwambie anayekuhudumia ukweli wote kuhusu unachokunywa. Hatakugombeza.

Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu, maziwa haya asiyanywe pamoja na vidonge. Kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na chai nayo huzuia. Meza kidonge kwa maji, maziwa yangoje kama saa mbili.

Nimefika kwenye jambo lililonileta. Kikohozi.

Mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa siku saba hadi kumi. Katika siku hizo kunywa maziwa yako ya manjano, pumzika, fungua dirisha, sina neno. Lakini kikohozi kikifika wiki mbili, au kikiwa na damu, au kikiandamana na jasho la usiku, kupungua uzito, homa ya jioni au kukosa hamu ya kula, kikombe kimemaliza kazi yake. Hapo ni kupimwa kifua kikuu. Nairobi ni jiji la vyumba vilivyobanana. Mtu mmoja anayekohoa ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, analala na watoto watatu, na kila wiki anayoongeza nyumbani ni wiki ya kuwagawia. Wanaojitibu kwa manjano hawana nia mbaya. Wanaogopa gharama, wanaogopa kupoteza kibarua cha siku, na wengine wanaogopa majirani watasema nini.

Kuhusu gharama niwatoe wasiwasi: dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma. Huku kwetu nenda Kituo cha Afya cha Kangemi, Westlands au Riruta, na anayefanya kazi katikati ya jiji anaweza kwenda Kliniki ya Kifua ya Rhodes. Ukishindwa hata nauli, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Anajua mlango wa kubisha. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita, na baada ya wiki chache za kumeza dawa vizuri wengi huwa hawaambukizi tena. Wakati huo wa matibabu, maziwa ya manjano yanaruhusiwa, kwa sababu mgonjwa anahitaji protini. Yaje pamoja na dawa.

Na mtoto mdogo anayepumua haraka, kifua kinachobonyea ndani kila akivuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya, usikae naye nyumbani hata usiku mmoja ukimchemshia chochote. Huyo ni wa kukimbizwa.

Nitajibu maswali mliyoniandikia kwenye karatasi.

Mama mmoja anauliza mtoto aanze lini. Mtoto hadi miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hayahitaji. Akiwa chini ya mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya maziwa ya mama, na asali asipewe kabisa, hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza misuli mpaka ashindwe kupumua. Akishapita mwaka anaweza kupata nusu kikombe chenye manjano kidogo, bila pilipili manga nyingi, na kisiwe cha moto.

Mzee anasema maziwa yanamvuruga tumbo. Mzee wangu, si wewe peke yako. Watu wazima wengi wa huku mwili wao huacha kusaga sukari ya maziwa. Jaribu nusu kikombe pamoja na chakula. Ikikataa, kunywa mala, ambayo vijidudu vyake vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Mala usiichemshe na viungo, itakatika. Unaweza kupika viungo hivi kwa maziwa ya soya. Tui la nazi nalo linaleta ladha nzuri, ila halina protini na kalsiamu kama ya maziwa, kwa hiyo usilihesabu kuwa badala yake.

Kijana anauliza kama anaweza kuyauza stendi asubuhi. Unaweza, na ningefurahi. Pata cheti cha afya cha mshika chakula na leseni ya biashara ya kaunti kwanza, na usiandike kwenye bango kwamba yanatibu ugonjwa wowote. Andika ni matamu.

Kuna swali la madoa, na limeandikwa kwa uchungu. Manjano yakimwagikia shati la shule, ukifua kwa sabuni ya kipande doa linageuka jekundu. Usishtuke, hiyo ni kurkumini inabadilika rangi ikikutana na sabuni. Suuza kwa maji mengi, kisha anika kwenye jua kali. Jua linaifubaza rangi ile kuliko sabuni yoyote. Kwa baridi hii itabidi usubiri siku jua litoke. Kikombe cha plastiki kikishika rangi, nadhani ukizoee tu.

Na la mwisho, kuhusu kuweka. Yaliyobaki yapoe upesi, sufuria ukiiweka ndani ya beseni la maji baridi, kisha yaingie kwenye friji na yatumike ndani ya siku moja au mbili, yakichemshwa tena. Asiye na friji apike ya kikombe chake. Msiyaache kwenye chupa ya chai tangu jioni hadi asubuhi ili watoto wanywe wakienda shule: yakishuka kutoka moto hadi uvuguvugu, vijidudu vinavyovumilia moto huanza kuzaana humo humo ndani ya chupa, na maziwa huenda yakanuka vizuri tu kwa sababu ya mdalasini.